Paka mweusi anayekuja na mbalamwezi

"Daktari, habari za kazi. Naishi Igombe, hapa Ilemela, si mbali na mwalo. Tangu masika yaishe kuna paka jike, mweusi tii, anaingia kwetu usiku na kuondoka alfajiri. Ni wa bibi mmoja mjane, nyumba ya tatu kutoka kwangu, aliyekuwa akibanika samaki hadi macho yalipomsumbua akaacha. Paka huyu anaweza kukaa muda mrefu anakodolea ukuta mtupu, macho yanawaka kama taa. Binti yangu ana ujauzito wa miezi saba, na paka akiingia anamfuata yeye tu, anajilaza tumboni kwake na kunguruma. Asubuhi nyingine tunakuta panya mlangoni, ameuawa lakini hajaliwa. Na kuna usiku analia huko nje kama kichanga, mpaka mwili unasisimka. Majirani wanasema anazidi kuja mbalamwezi ikishamiri, kwamba huyo si paka wa bure, ametumwa, na mwenye paka tumtazame macho yake yalivyo mekundu. Shemeji yangu anataka kumtia kwenye kiroba akamwache ng'ambo ya Kamanga. Mimi naogopa kumdhulumu mnyama, lakini nahofia zaidi mjukuu wangu aliye tumboni. Je, huyu ni paka wa kawaida? Na mimba ya mwanangu iko salama?"

Dada yangu, nakujibu kwanza kwa ufupi ili leo ulale. Huyo ni paka wa kawaida kabisa. Yote uliyoyaeleza nimeyaona kwa paka wengi katika kazi yangu ya udaktari wa mifugo hapa kanda ya ziwa, weusi, weupe na wa madoa, na kila moja lina sababu inayoeleweka. Mimba ya binti yako inaweza kuwa salama hata paka akiwepo, ila kuna mambo ambayo lazima myafuate na nitayataja bila kuficha. Anayenitia wasiwasi katika barua yako ni mtu mwingine, yule bibi. Nitamfikia.

Tuanze na mbalamwezi, maana ndiyo iliyowatisha watu zaidi. Majirani zako hawakukosea kuhesabu. Naamini kabisa kwamba anakuja zaidi mwezi ukiwa mkubwa. Lakini fikiria ni nani mwingine hapo Igombe anayepanga siku zake kwa mwezi. Ni wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, ziwe karabai au hizi za sola. Usiku wa giza taa huwavuta dagaa juu ya maji. Mwezi ukiwaka, taa inakosa nguvu, dagaa wanatawanyika, na mitumbwi inapumzika siku kadhaa hadi giza lirudi. Siku za giza paka wa mwaloni anashiba. Dagaa wanamwagika wakati wa kushusha, wengine wanaanikwa mchangani, na hakuna anayeweza kuwalinda wote. Siku za mbalamwezi mchanga ni mtupu.

Zamani pengo hilo lilizibwa na bibi, kwa sababu kwenye banda la kubanikia hakukosekani kichwa cha sangara wala utumbo wa sato. Wewe mwenyewe umegusia, kwa kupita tu, kwamba bibi ameacha kubanika. Kwangu mimi hapo ndipo lilipo jibu la nusu ya maswali yako. Paka amepoteza chakula chake cha akiba, kwa hiyo dagaa wakikosekana anarudi kwenye kazi ya asili yake, kuwinda panya, na nyumba yako ina panya. Ukitaka kuhakikisha, huna haja ya kwenda kwa mganga. Muulize mwenye mtumbwi yeyote ni siku zipi mwezi huu hakuingia ziwani, kisha zilinganishe na siku paka alizokuja kwako.

Sasa ukuta. Sikio la binadamu, tena la kijana, linaishia kwenye sauti ya mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. La paka linapita 60,000. Panya huitana kwa sauti zilizo juu ya mpaka wetu, hasa vitoto vikiwa kwenye kiota, kwa hiyo ukuta ambao kwako uko kimya kwake una familia nzima inayosikika. Siku nyingine akikaa hivyo mtazame masikio badala ya macho. Utaona moja linageukia kulia, lingine linabaki mbele, kisha yote mawili yanaelekea sehemu moja. Hapo anapima sauti inatoka wapi. Macho yametulia kwa sababu kazi yote iko masikioni. Zima redio, sogea taratibu, weka kiganja pale anapotazama na usubiri. Mara nyingi utasikia mkwaruzo. Kama si panya, huwa ni mjusi aliyejibanza nyuma ya kalenda, au wale wadudu wa ziwani wanaoingia kwa makundi kufuata taa.

Kuwaka kwa macho nako kuna sababu yake. Nyuma ya jicho la paka kuna utando unaong'aa. Mwanga uliopita bila kunaswa unagonga utando huo na kurudi, ili jicho lipate nafasi ya pili ya kuutumia. Ndiyo maana anaona kwa kiasi kama moja ya sita tu ya mwanga tunaouhitaji sisi. Jicho lenyewe halitoi mwanga wowote: zima taa zote pamoja na tochi ya simu, hutaona kinachowaka. Ng'ombe na mbuzi wana utando kama huo. Mmulike ng'ombe zizini usiku, macho yake yatakurudishia mwanga vilevile. Na weusi wa manyoya ni urithi wa wazazi tu. Mama wa madoa anaweza kuzaa watoto weusi na wa mistari tumbo moja.

Kwa nini amchague binti yako? Joto. Mwili wa paka hukaa kwenye nyuzi 38 hadi 39, na anajisikia vizuri zaidi mahali ambapo wewe na mimi tungetafuta kivuli. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi upepo wa ziwani una baridi ya kutosha kumfanya atafute mwili wenye joto. Mjamzito ana joto, anajilaza mapema, hageuki geuki ovyo, na huenda ndiye asiyemfukuza. Akilala hapo akanguruma, kwa kawaida ametulia. Kumbuka tu kwamba paka hunguruma pia akiwa na maumivu au homa, kwa hiyo akinguruma huku amejikunja, hataki kula, manyoya yamesimama, mchukulie kuwa mgonjwa.

Kuhusu panya asiyeliwa, wataalamu wana maelezo mawili na yote yana mashiko. Paka jike huwapelekea watoto wake mawindo ili wajifunze, na silika hiyo hubaki hata akiwa hana watoto. Pia paka hupenda kubeba windo hadi mahali anapopaona salama, na akifika pale kama ameshiba analiacha. Kwa vyovyote, mlango wako ameuhesabu kuwa mahali salama. Mwondoe panya kwa koleo au mfuko, usimshike kwa mkono mtupu.

Kile kilio cha kichanga ndicho kinachonifanya niwe na haraka kidogo, kwa sababu kina maana kwamba paka huyu yuko kwenye joto na anaita madume. Katika nchi zenye majira ya baridi, paka jike hupumzika siku zinapokuwa fupi. Sisi tuko karibu sana na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha kumpa ishara ya kupumzika, kwa hiyo anaweza kuingia kwenye joto wakati wowote wa mwaka na kurudia mara kwa mara hadi apandwe. Anabeba mimba kwa takriban siku 63 hadi 65. Yaani msipofanya kitu, inawezekana kabisa binti yako na paka wakajifungua karibu wakati mmoja, na mkawa na vitoto vya paka chini ya kitanda cha mzazi. Suluhisho ni kumfunga kizazi. Ni upasuaji unaofanywa na daktari wa mifugo mnyama akiwa amelala kwa dawa, na baada yake vilio hivyo vinakoma.

Umeniuliza kama ni paka wa kawaida, na nadhani ndani ya swali hilo kuna lingine: huyu mnyama anataka nini kwetu? Watu wengi wanaamini mbwa humpenda mtu, na paka hupenda nyumba tu. Si kweli kabisa, ingawa naelewa imani hiyo inatoka wapi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na paka-pori, Felis lybica, kwenye chipukizi lake la Mashariki ya Kati; ndugu zake wa pori tunao hadi leo Serengeti. Binadamu alipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walifuata nafaka, na paka akafuata panya. Katika kisiwa cha Saiprasi limepatikana kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, mtu amezikwa na paka kando yake, kisiwani ambako paka asingefika bila kupakiwa chomboni. Kwa hiyo urafiki huu ni wa kale mno, lakini ulianza kwa paka kujileta mwenyewe, na mpaka leo anaufanya hivyo hivyo. Hakuzaliwa kwenye kundi lenye kiongozi kama mbwa, kwa hiyo hanyenyekei. Anakuja, anapima, anarudi. Sisi tunaosubiri kutiiwa tunamwona ana siri.

Lakini mapenzi anayo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, waliwapima paka wadogo kwa njia inayofanana na ile wanayopimiwa watoto wa binadamu, yaani kumtenganisha na mlezi kwa muda mfupi na kuona anavyofanya akirudi. Karibu theluthi mbili walimtumia mlezi wao kama kimbilio la usalama. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, Japani, ulionyesha kwamba paka hutambua jina lake likitajwa katikati ya maneno mengine. Kutokuja akiitwa ni uamuzi wake. Hata huo mlio wa "nyau", paka wakubwa ni nadra kuutumia wao kwa wao. Wanautumia kwetu, kwa sababu wamejifunza kwamba sisi hujibu sauti. Ukitaka kumwonyesha kwamba huna nia mbaya, usimkazie macho. Mtazame, kisha fumba macho taratibu na uyafumbue. Wengi hurudisha ishara hiyo, na huwa wepesi zaidi kusogea.

Sasa mimba, na hapa naomba binti yako asome mwenyewe. Hatari inayozungumzwa ni kimelea kiitwacho toksoplasma. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, kisha hutoa mayai yake kwenye kinyesi, kwa kawaida kwa wiki moja hadi tatu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza. Mayai hayo hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji siku moja hadi tano yakiwa nje ndipo yakomae. Kwa hiyo kumshika paka, au paka kulala juu ya tumbo, si njia kuu ya kuambukizwa. Njia kuu ni nyama isiyoiva vizuri, mchicha usiooshwa, maji machafu, na udongo au mchanga wenye kinyesi cha zamani ambao mtu ameushika kisha akala. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, kimelea kinaweza kumfikia mtoto na kumdhuru macho au ubongo. Aliyewahi kuambukizwa miaka ya nyuma kwa kawaida ana kinga inayomlinda mtoto.

Kwa hiyo binti yako asisafishe kinyesi cha paka wala asilime bustani bila glavu hadi ajifungue. Mtu mwingine akiondoe kila siku, kisikae. Nyama iive hadi ndani, mboga zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Kliniki aseme wazi kwamba kuna paka nyumbani na aulize kuhusu kipimo cha damu. Akipata homa isiyoeleweka pamoja na tezi kuvimba shingoni, asingoje tarehe ya kliniki.

Yale ya kwamba nywele za paka zinaziba kizazi au zinaleta pumu ukizimeza, yaacheni. Mzio wa paka upo kweli, ila unatokana na protini iliyo kwenye mate na mafuta ya ngozi yake, inayosambaa hewani na vumbi. Kama kuna mtu ndani mwenye pumu na anabanwa paka akiwepo, hiyo ni sababu halali ya kumweka nje. Mtoto akizaliwa, paka asilale naye. Havuti roho ya mtoto kama inavyosimuliwa, lakini anapenda joto, na kichanga hawezi kumsukuma akijilaza usoni pake. Chandarua kilichochomekwa vizuri na mlango uliofungwa vinatosha.

Nimekuja kwa shemeji na kiroba chake. Mwambie nimemsihi asifanye hivyo. Paka aliyetupwa ng'ambo anaangukia kwenye eneo la paka wengine, hajui maji wala chakula viko wapi, na wengi wao hufa kwa njaa au majeraha. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Wasomaji wangu Waislamu wanajua pia habari ya mwanamke aliyemfungia paka bila chakula hadi akafa, na adhabu aliyotajiwa. Na hata tukiacha hayo, akiondoka huyu, panya wa ukuta wako watabaki.

Mna njia tatu za haki. Mnaweza kumzuia asiingie, kwa kufunga madirisha kwa wavu na kutomlisha. Hii ndiyo ningeichagua kama kuna mwenye pumu. Mnaweza kumchukua awe wenu, kwa ridhaa ya bibi. Au, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi, awe wa nyumba mbili kama alivyokwisha kuamua mwenyewe, nanyi mshirikiane na bibi gharama za chanjo ya kichaa cha mbwa na za kumfunga kizazi. Anzia kwa afisa mifugo wa kata yako, atakuelekeza kwa daktari aliye karibu. Kabla hajafanyiwa upasuaji, muulize daktari ampapase kama tayari ana mimba.

Mkimlisha, samaki wampikie. Samaki wengi wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayekula wabichi kila siku anaweza kuanza kuyumba na kupata degedege. Moto wa kupikia unakiua kimeng'enya hicho. Ugali mtupu haumfai, mwili wake umeumbwa kwa nyama, na akikosa kirutubisho cha taurini hupofuka na moyo kuchoka. Akiugua msimpe panadol hata kipande, inamuua. Na msimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kumtoa viroboto. Hili nalikuta mara nyingi kwa wafugaji wetu, nia ni njema, paka anaanza kutetemeka na mara nyingi haponi. Akimng'ata au kumkwaruza mtu, oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na mwende kituo cha afya siku hiyohiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Msingoje kuona kama paka ataonyesha dalili za ugonjwa huo.

Na sasa bibi. Macho ya mtu aliyebanika samaki miaka mingi huwa mekundu kwa sababu moshi wa kuni huyachoma kila siku. Vumbi, jua la ziwani na maambukizi yasiyotibiwa huongeza. Wewe na mimi tunajua yaliyowapata wanawake wazee wa kanda yetu, Mwanza, Shinyanga na kwingineko, walioitwa wachawi na kuuawa kwa sababu ya macho kama hayo na maneno kama haya ya majirani zako. Huanza na mambo madogo: paka, ndoto, mtoto aliyeugua. Tayari mtaani kwenu paka ameunganishwa na macho ya mama huyu, na kuna mjamzito katikati. Mungu apishe mbali, mimba hiyo ikipata tatizo lolote, hata la kawaida ambalo wakunga hukutana nalo kila wiki, mnajua kidole kitaelekezwa wapi.

Wewe ndiye unayeweza kuzuia hilo, kwa kuwa paka anakuja kwako na mjamzito ni wako. Waeleze majirani habari ya dagaa na mwezi, wengi wao ni watu wa mwaloni, wataielewa haraka kuliko mtu yeyote. Nenda kwa bibi mchana, watu wakikuona, umsalimie, umwambie paka wake anakula panya kwako na umuulize habari zake. Mpelekeni kliniki ya macho. Macho mekundu ya muda mrefu yanatibika au hutulizwa, na pengine akarudi kufanya kazi. Na ukisikia yeyote, hata akiwa shemeji, anataja kumtisha, kumhamisha kwa nguvu au kumpeleka kwa mpiga ramli, usisubiri kuona kama anatania. Nenda siku hiyohiyo kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi, na uwajulishe ndugu zake bibi ili asilale peke yake.